Flashi ya Pili ya Priscah

Ijumaa, 29 Machi 2013. Riyadh

Madam ameamua kabati za jikoni zihame kutoka ukuta wa kulia kwenda wa kushoto. Jumatatu zilitoka kushoto kwenda kulia. Sijauliza. Nimehamisha sahani zote huku simu ikiwa mfukoni mwa aproni na waya wa redio ya nyumbani sikioni, maana Ijumaa ndiyo siku pekee ninayopewa simu yangu, kuanzia adhuhuri hadi magharibi, na sipotezi hata dakika.

Wanarudia jinsi Seneti ilivyochagua Spika jana. Seneti yenyewe imefufuka juzi tu baada ya karibu miaka hamsini. Mwingine angebadilisha stesheni, lakini mimi niliyepiga chapa kumbukumbu za bodi ya shule kwa miaka sita kule Webuye, haya mambo nayasikia utamu. Spika hatoki miongoni mwa maseneta, anatoka nje yao. Hana kura. Kura ni ya siri, msimamizi ni karani, na raundi ya kwanza mtu hashindi mpaka apate theluthi mbili ya wote. Akikosekana, wawili wa juu wanarudi uwanjani na mwenye nyingi anachukua. Kitu kimenyooka hivyo, kwa nini nyumba hii haiwezi kunyooka?

Nimeanza daftari hili kwa sababu nisipoandika nitamrushia mtu sahani.

Jumapili, 7 Aprili

Baba mwenye nyumba amesoma gazeti kwa sauti wakati wa chai. Serikali imetoa muhula: asiye na karatasi ana miezi mitatu, mwisho tarehe tatu Julai, arekebishe mambo yake ama aondoke bila kufungwa. Baada ya hapo ni msako. Nimemwaga chai kwenye kisahani na madam akaniuliza kama ninaumwa. Nikasema mafi mushkila, hakuna shida.

Mushkila ninayo. Roseline ni mdogo wangu, kitinda mimba wetu. Alikuwa anauza mitumba Webuye na maisha yake, na mimi ndiye niliyemwambia aje huku. Mimi, si ajenti. Nilimwambia kwa simu, "Njoo, utajenga." Nyumba aliyoangukia Jeddah ilimfungia ndani miezi mitano, akilala kwenye sakafu ya jikoni, na Februari akatoka na nguo za mwilini tu. Pasipoti imebaki kwa kafili, yule mwajiri aliyemdhamini. Tangu hapo analala mtaa wa Ruwais, hukohuko Jeddah, kwa Bi Mashavu, mama wa Kizanzibari anayeshona abaya, ambaye watu wake walikuja huku baada ya mapinduzi ya sitini na nne. Chumba kimoja na Priscah, Mkenya mwenzetu, aliyetoroka kwa mwajiri wake miezi kumi iliyopita mkono ukiwa umeungua na mafuta ya sambusa na hakuna aliyempeleka hospitali.

Roseline ameacha kula. Bi Mashavu ndiye aliyeniambia. Mwenyewe akipigiwa anasema yuko sawa, kwa ile sauti ya mtu anayeongea akiwa chini ya blanketi.

Ijumaa, 12 Aprili

Leo nimepewa cheo.

Sisi Wakenya wa kazi za nyumbani Jeddah tuna umoja wetu, watu mia mbili na ushei, na tangu Februari tuna baraza la wanawake tisa, mmoja kwa kila mtaa. Tuliliita Seneti kwa mzaha. Sasa mzaha umegeuka kazi: afisa kutoka ubalozini hapa Riyadh atashuka Jeddah siku moja tu, tarehe kumi na tano Juni, kuwaandikia hati ya kusafiria wasio na pasipoti. Anaweza kuhudumia ishirini na tano. Ameomba orodha moja kutoka mkono mmoja, si simu mia mbili. Wasio na karatasi kwetu ni arobaini na mmoja.

Nani aandike orodha? Hapo ndipo tisa wamekuwa tisini. Kila seneta anataka mtaa wake uanze. Wamevutana wiki nzima, mpaka Priscah, ambaye ndiye seneta wa Ruwais, akawaambia tufanye kama nyumbani: tuchague Spika kutoka nje ya hawa tisa, asiye na mtaa wa kuutetea, yeye apange orodha na neno lake liwe la mwisho. Na karani wa kura awe Valary. Mimi. Familia ninayofanyia kazi ilihama Jeddah Januari ikaja huku, kwa hiyo sina mtaa kule, sina kura, na kuandika najua.

Sellah wa mtaa wa Bawadi akauliza, kwani huyo Valary si ana dada kwenye wale arobaini na mmoja? Swali zuri, mimi mwenyewe ningeuliza. Priscah akajibu kwamba kila mmoja wetu ana mtu. Wakaniapisha kwa simu, mmoja baada ya mwingine, mara tisa. Nimejisikia mtu. Sitadanganya, nimesugua ngazi leo kama bibi harusi.

Jumanne, 16 Aprili

Vumbi. Nimefua mapazia, nimeyaanika, vumbi limeyarudia, nimeyafua.

Ijumaa, 19 Aprili

Wagombea ni watatu. Wa kwanza ni Nahashon, dereva wa mtaa wa Al-Safa, mtu wa Kisii, miaka saba huku, mdomo wa kumtoa nyoka pangoni. Anataka kugombea udiwani kwao uchaguzi wa 2017 na nadhani sisi ndio mazoezi yake. Wa pili ni Miriam, yaya wa mapacha, mpole mpaka unamhurumia. Wa tatu ni Bi Mashavu mwenyewe. Huyo hakujipendekeza, Priscah ndiye aliyemtaja, na wengine wakanung'unika kwamba si Mkenya. Priscah akawauliza ni Mkenya gani aliyewahi kumlaza mtu kwake miezi kumi.

Kisha swali la kura ya siri. Wanawake tisa katika nyumba tisa, hawawezi kukutana hata watatu. Ujumbe wa maandishi haufai, madam wengine wanapekua simu. Nimewaza nikipiga pasi, na nimepata: flashi. Unanipigia, inalia mara moja, unakata kabla sijapokea. Bi Mashavu anaita kubipu. Haili vocha, haiachi maneno. Flashi moja ni Nahashon, mbili ni Bi Mashavu, tatu ni Miriam. Siku ya kura ni Ijumaa, kati ya alasiri na magharibi. Na flashi zote za mtu mmoja ziingie ndani ya dakika tano, itakayochelewa haihesabiwi, nisije nikachanganya kura na mtu anayenitafuta kwa mambo yake.

Sharti hilo la dakika tano nililitunga mimi. Ninaliandika hapa.

Sellah akasema siri gani hiyo, si namba zitaonekana kwenye simu ya karani? Zitaonekana. Priscah akasema Mungu anajua na karani anajua, basi, wengine hawajui.

Jumanne, 30 Aprili

Mvua Riyadh, jameni, mvua ya kweli, barabara imekuwa mto. Madam analia kwa ajili ya zulia. Mimi nilitoka uani nikasimama tu nilowe.

Ijumaa, 3 Mei

Nahashon amenipigia. Nikamwambia karani haongei na wagombea. Akasema haongei na karani, anaongea na dadake. Ananiita dadangu kila sentensi ya pili. Ati amesikia hali ya Roseline, imemgusa sana, na yeye akiwa Spika Roseline atakuwa namba moja kwenye orodha, si mbili, moja. Nikamwambia hilo ni kosa kuniambia. Akacheka akasema hajaniomba kitu chochote.

Na kweli hakuniomba. Ndiyo shida yenyewe.

Ijumaa, 10 Mei

Raundi ya kwanza. Familia imekwenda kwa bibi yao, nimeketi kwenye kiti cha plastiki katika chumba cha kufulia, simu kwenye mapaja, karatasi juu ya mashine.

Zimeingia moja moja. Namba inaonekana, inalia, inakatika, kimya. Unahesabu pumzi zako. Sellah alinitesa: flashi mbili zikafuatana, kisha kimya, nikaandika Bi Mashavu, halafu baada ya dakika tisa, ya tatu ikaingia. Nilijua ni ya Miriam, maana Sellah na Miriam wanasali pamoja. Labda madam aliingia, labda aliitwa. Ningeikata kura ya mtu kwa sababu mwajiri wake alitaka maji? Nikafuta, nikaandika Miriam. Sikumwambia mtu.

Nahashon nne. Bi Mashavu tatu. Miriam mbili. Theluthi mbili ya tisa ni sita, hakuna aliyefika. Miriam anatoka. Wawili wanarudi tarehe ishirini na nne, na safari hii mwenye nyingi anachukua. Nimewatumia wote matokeo kabla madam hajachukua simu.

Jumanne, 14 Mei

Kabati zimerudi kulia.

Ijumaa, 17 Mei

Nimempigia Bi Mashavu kumuuliza hali ya Roseline. Hilo tu, nilijiambia. Akasema jana amekunywa uji nusu kikombe, na Priscah ndiye aliyemlisha kwa kijiko kama mtoto. Kisha nikamuuliza, Mungu anisamehe, yeye akiwa Spika ataipangaje orodha.

"Kwa tarehe, mwanangu," akasema. "Aliyetoka mwanzo kwa kafili wake ndiye wa mwanzo. Hakuna jengine."

Nikahesabu kichwani. Priscah angekuwa wa kwanza kabisa. Roseline alitoka Februari. Nikamuuliza Roseline anaangukia wapi. Nilisikia cherehani ikisimama.

"Thelathini na tatu," akasema. "Nimeshahesabu. N'mehesabu siku nyingi, na nalala naye nyumba moja, na namwona anavyonyauka. Lakini nikimpandisha yeye, namshusha nani? Hebu n'ambie jina."

Nilisema mtandao mbaya, nikakata simu. Nilikasirika, na nimekasirika hadi sasa. Mtu analala kwako, anakula kwako, unamwona anakufa, halafu unamletea tarehe! Huo ni utu gani? Nimesugua jiko mpaka rangi imetoka, madam amenigombeza, amesema kweli.

Roseline alinipigia baadaye kwa simu ya Priscah. Alilia tu. Mwisho akasema, "Dada, wewe ulisema nije."

Jumatano, 22 Mei

Joto. Sikai, sisimami. Nimepanga viatu vya nyumba nzima kwa ukubwa, kisha kwa rangi.

Ijumaa, 24 Mei

Raundi ya pili. Nitaandika kila kitu, kwa sababu kichwa changu tangu sasa kinaanza kuipanga hadithi upya.

Nilikaa palepale chumba cha kufulia. Moja kwa Nahashon, mbili kwa Bi Mashavu. Mpaka saa kumi na moja walikuwa wameshapiga wanane: nne kwa nne. Aliyebaki ni Priscah.

Nikangoja. Saa kumi na moja na dakika arobaini na mbili namba yake ikaonekana, ikalia, ikakatika. Moja. Nikatazama saa. Arobaini na tatu. Arobaini na nne. Priscah ni mtu wa kumpa Bi Mashavu kura hata akiwa usingizini. Kwa orodha ya tarehe yeye ndiye namba moja, na hata bila hiyo angempa, maana amekula chumvi yake karibu mwaka. Simu yake naijua, betri imechoka, inazima kila mara, chaja inabidi uishike kwa kidole. Arobaini na tano. Nikajikuta ninaomba. Sikuomba ipige. Niliomba isipige. Arobaini na sita. Arobaini na saba. Dakika tano zikaisha.

Arobaini na tisa, flashi ya pili.

Sasa sikiliza, daftari. Sharti ni dakika tano. Sharti lilisomwa kwa wote na wote wakakubali, Priscah akiwemo. Karani hana kazi ya kukisia moyo wa mpiga kura. Karani akianza kusema huyu najua alitaka nini, hiyo si kura tena, ni ramli. Katika bodi ya shule karatasi iliyochelewa ilikuwa imechelewa, hata ya mwenyekiti. Kwa sheria, Priscah amepiga flashi moja, na moja ni Nahashon. Hakuna mtu duniani anayeweza kunishtaki kwa kufuata sheria.

Na Sellah je, dakika tisa?

Ile ilikuwa raundi nyingine. Ile haikubadilisha mshindi. Ile nilihurumia.

Nikaandika: Nahashon tano, Bi Mashavu nne. Nikatuma. Bi Mashavu alijibu wa kwanza: "Kheri. Mungu ampe nguvu." Priscah akajibu baada yake: "Asante karani."

Jumatatu, 27 Mei

Sina la kuandika.

Alhamisi, 30 Mei

Madam ameuliza kwa nini ninatembea ndani ya nyumba bila kubeba kitu.

Ijumaa, 7 Juni

Orodha imetoka. Roseline ni namba moja. Mwanaume ametimiza neno. Lakini nimesoma hadi chini na kuona Nahashon alikuwa ametoa neno kwa wengi: dada ya huyu, binamu ya yule, anayepika karibu na gereji yake. Priscah yuko thelathini na tatu. Pale pale ambapo Roseline angekuwa. Nahashon anasema alimpanga kwa haki, ila kila mtu anajua Priscah alimpinga waziwazi na huyu bwana hasahau.

Roseline amenipigia, sauti imetoka chini ya blanketi. Akauliza imekuwaje yeye amtangulie Priscah. Nikamwambia Spika ndiye aliyepanga. Akasema Priscah amempa kanga yake avae siku ya afisa, maana yeye hana nguo ya heshima. Nikamwambia aivae.

Ijumaa, 21 Juni

Afisa alikuja Jumamosi kama alivyosema, akahudumia ishirini na tano kama alivyosema. Waliobaki wameambiwa wafike wenyewe ubalozini Riyadh, mlango uko wazi mpaka siku ya mwisho. Mlango uko wazi, ila kati ya Jeddah na mlango kuna kilomita mia tisa na vizuizi vya polisi.

Roseline ana hati mkononi. Alipiga alama za vidole za kuruhusiwa kuondoka Jumanne. Anasafiri Jumatano ijayo. Nimefurahi nikalia, nimelia nikafurahi, nimeunguza wali.

Ijumaa, 28 Juni

Amefika. Amenipigia akiwa kwa mama, nimesikia kuku. Mama amemchinjia, amekula ugali sahani nzima, mama akanyang'anya simu kuniambia mimi ni mtoto wa maana. Nimesema amina.

Dakika kumi baadaye akapiga Priscah. Alipiga, hakuflashi, akatumia vocha yake. Ati anakuja Riyadh. Kuna Jeremiah, dereva wa lori wa kwetu, anabeba mizigo kutoka bandari ya Jeddah hadi maghala ya Al-Sulay, hapa Riyadh. Atamficha nyuma ya kiti Jumapili jioni, Jumatatu watakuwa Al-Sulay, Jumanne yuko ubalozini, siku moja kabla ya muhula kwisha. Nikamwambia ni hatari. Akasema kukaa ni hatari zaidi.

"Nilitaka tu nikuambie, Valary," akasema, "sina kinyongo. Nilishindwa kwa haki. Kama si wewe kuhesabu ningesema tumeibiwa."

Nilikuwa nimesimama karibu na sinki. Nikafungua bomba, nikalifunga. Ningemwambia ukweli, angefanya nini? Roseline ameshafika. Ningekuwa ninajipumzisha mimi, na yeye nimemwongezea mzigo wa safari. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Nikamtakia safari njema.

Jumatatu, 1 Julai

Kutoka juu ya paa ninapoanika nguo, Al-Sulay inaonekana kwa mbali, moshi na malori. Nimepanda kuanika mara sita. Nguo za kuanika zilikuwa za mara mbili. Simu iko kwenye droo ya madam na leo si Ijumaa.

Jumanne, 2 Julai

Nimepanda tena. Kama yuko mlangoni sasa hivi, ameketi, amepewa fomu. Kama hayuko.

Jumatano, 3 Julai

Baba amesoma gazeti. Muhula umeongezwa miezi minne, hadi Novemba! Nimeomba ruhusa ya kwenda msalani nikaruka ruka huko ndani kama mwendawazimu. Hata kama Priscah hakuwahi jana, ana miezi minne. Ana muda wa kwenda na kurudi mara mia. Sikuharibu kitu. Nimemshonea madam vifungo vyote vilivyolegea bila kuambiwa.

Ijumaa, 5 Julai

Ujumbe wa Jeremiah ulikuwa unaningoja tangu Jumatatu. Walisimamishwa kwenye kizuizi kabla ya Taif. Askari alipanda kuangalia nyuma ya kiti. Jeremiah alihojiwa hadi asubuhi wakamwachia lori lake. Priscah aliteremshwa pale pale na kupakiwa kwenye basi pamoja na wengine. Hajui limeelekea wapi. Siku tatu. Angebaki Ruwais kwa Bi Mashavu siku tatu tu zaidi, akishona vifungo, angekuwa na miezi minne. Na angekuwa namba moja tarehe kumi na tano Juni, angekuwa kwao Kitale sasa hivi.

Nilikaa sakafuni. Simu ikalia, Bi Mashavu. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akanipa habari nilizokwisha kuzisoma. Akasema wale wanane wamekasirika. Wamemwondoa Nahashon, wamepiga kelele, halas, imetosha, hawamtaki. Ukimtoa Priscah, kuna kumi na watano hawajapata hati na afisa huenda akaja tena. Wanataka Spika mwingine, kura ipigwe Ijumaa, wiki mbili kutoka leo, ndani ya Ramadhani.

"Na karani wamekutaka wewe tena," akasema. "Wote wanane. Wanasema Nahashon mbaya, lakini hesabu ilikuwa safi."

Sikuweza. Nikamwambia. Nilimwambia saa na dakika, arobaini na mbili na arobaini na tisa, nikamwambia habari ya Sellah na zile dakika tisa nilizozipitisha, nikamwambia nilijua ile kura ni ya nani na inakwenda wapi, na nikaikata kwa mkono wangu ili dada yangu aende nyumbani. Sikulia. Nilisoma kama kumbukumbu za mkutano.

Nyuma yake watoto wa Ruwais walikuwa wanapiga mpira ukutani.

"Najua," akasema. "Tangu Ijumaa ileile. Wenye kunipa walikuja kun'ambia, mmoja mmoja, kila mtu kwa wakati wake. Watano. Nikasoma ujumbe wako, wanne."

Nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Mgombea akisema, ni uroho. Ndiyo maana n'kakungoja wewe useme." Kisha sauti ikashuka. "Na dadako alikuwa chumbani kwangu, hali chakula. Nikimtazama yeye, nanyamaza. Nikimtazama Priscah, nataka kusema. N'kanyamaza, mwanangu. N'kampakilia Priscah na chakula cha njiani. Langu hilo, nitaulizwa mimi."

Ningependa angenitukana. Mwezi mzima nilimwona mwanamke mwenye tarehe mahali pa moyo, na kumbe kila siku alikuwa anachagua kati ya wawili waliolala kwenye godoro moja. Mimi nilichagua mara moja tu, nikiwa mbali, nikiwa nimeketi.

Nikamuuliza nifanye nini sasa. Akasema karani aliyetangaza ndiye anayefuta, hakuna mwingine, na nisimtume mtu. Nianze sasa hivi, simu iko mkononi.

Nimewapigia. Hakuna flashi, nimepiga na kungoja wapokee, vocha yote ya mwezi. Sellah nilianza naye kwa sababu ndiye niliyemwogopa. Akauliza, "Kwa hiyo yangu uliipitisha?" Nikasema ndiyo. Akakata. Mmoja amenilaani na mama yangu. Mmoja amelia. Mmoja alikuwa anasubiri madam atoke chumbani, nikamwambia kwa maneno kumi, akasema sawa, sawa, sawa, kama anayepokea oda ya sokoni. Kila mmoja nimemwambia vilevile: raundi ya pili, Bi Mashavu tano, Nahashon nne, Spika wenu ni Bi Mashavu tangu tarehe ishirini na nne Mei, na mimi si karani wenu tena.

Wa nane nimemaliza naye jua likikaribia kuzama, madam ameshasimama mlangoni na mkono wazi anataka simu. Nimemwomba dakika moja. Nilitaka kumpigia wa tisa, nimwambie kura yake imehesabiwa. Namba yake imezimwa, na basi lililombeba hakuna anayejua liko wapi.